Uji wa Ngano Nyuma ya Picha

Saluni yangu ya Moshono, hapa Arusha, na sebule yangu vilitenganishwa na mlango, mpaka siku nilipoung'oa. Hakuna aliyekuwa anaufunga. Mtu anakuja kusuka, akimaliza anapita ndani, anakuta chai, anakaa mpaka jua linazama. Kwa hiyo niliposema naandika kitabu, nilisema mbele ya vichwa vitano vilivyosukwa nusu, na vyote vilinigeukia.

"Kitabu cha nini, Mama Princess? Cha umbea?" aliuliza Mama Hans, jirani yangu, ambaye kwa umbea hata mimi namwamkia.

"Cha mama yangu."

Mama yangu, Elizabeti, alikuwa mkunga kule kwetu Poli, mlimani, na nusu ya watu wa rika langu walizaliwa mikononi mwake. Alifariki mwaka 1988, mimi nikiwa na miaka kumi. Tangu hapo kila ninapokwenda, harusini, msibani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kuna mtu atanishika mkono aniambie: mama yako ndiye aliyenipokea. Nilizikusanya habari hizo miaka mitatu, nyingine kwenye simu, nyingine kwenye madaftari ya zamani ya binti yangu Princess. Mimi si msomi. Niliishia darasa la saba, mengine nimefundishwa na watu. Lakini najua kuuliza, na mtu akishakalia kiti changu, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, husema.

Haraka ilikuwa ya baba. Daktari wa macho alishamwambia jicho la kushoto limekwenda na la kulia linafuata, labda mwaka mmoja, labda pungufu. Baba yangu, mzee Aminieli, hakulalamika. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kitabu kitatoka lini?" Hakutaka kuja kusomewa. Alitaka kukiona, na sura ya mama ikiwa juu ya jalada.

Sasa, picha ya mama iko moja. Namaanisha moja, dunia nzima. Picha za harusi yao ziliungua zote kwa sababu mpiga picha alifungua kamera filamu haijazungushwa, na baada ya hapo mama hakutaka tena kusikia habari za kamera. Iliyobaki ni hiyo iliyokuwa sebuleni kwa baba: mama bado msichana, amekaa kwenye kigoda chenye miguu ya kuchonga, gauni la mikono mifupi, anatazama pembeni kidogo kama aliyeitwa na mtu. Mimi ndiye niliyeibeba mbele ya jeneza lake. Mahubiri ya siku ile siyakumbuki hata neno. Uzito wa ile fremu naukumbuka mpaka leo mikononi.

Nikaipiga kwa simu nikaipeleka kwa Zahabiya. Zahabiya ana mashine za uchapaji mjini, nyuma ya soko, alizoachiwa na baba yake. Mwanamke wa maneno machache, rida yake ya zambarau, lile vazi la wanawake wa Kibohora, haina hata doa la wino, sijui anafanyaje. Alisoma kurasa zangu za mwanzo akiwa amesimama, akatikisa kichwa kwa kupenda, halafu akaitazama picha.

"Nani alipiga?"

"Ni mama yangu huyo."

"Sijauliza aliyepigwa, dada. Nimeuliza aliyepiga."

"Picha ni yetu, Zahabiya. Iko nyumbani kwetu tangu nina meno ya utoto."

"Mlichonacho nyumbani ni karatasi," akasema. "Haki ya kuichapa tena ni kitu kingine. Hiyo ni ya mpiga picha, au watoto wake, mpaka muda wake uishe. Inawezekana umeshaisha, mimi si wakili. Lakini nitajuaje kama sijui nani aliipiga na lini?"

Nikacheka. "Yaani mama yangu mzazi nikamwombee ruhusa kwa mtu baki?"

Yeye hakucheka. Alivuta droo akatoa kalenda, moja tu, ya kwaya fulani, ina mlima Meru umepigwa asubuhi, theluji kidogo kileleni, mzuri mpaka unataka kulia.

"Picha hii waliitoa kwenye simu. Ilishazunguka kwenye magrupu mpaka hakuna aliyejua ilikotoka. Mwenyewe akajitokeza, kalenda zimeshafungwa kwenye maboksi. Nilizichoma zote, nikabakiza hii nijionye nayo." Akairudisha. "Waandishi wakubwa wana mchapishaji wa kuwasumbua na maswali haya. Wewe unajichapia, kwa hiyo mchapishaji ni wewe. Niletee barua ya mwenye studio. Hata mistari miwili."

"Studio gani, jamani? Ni miaka mingapi hiyo!"

"Studio za zamani zilipiga muhuri na namba nyuma ya kila picha. Nenda kaigeuze."

Niliondoka pale nikinung'unika, lakini nikiwa na furaha bado. Kugeuza picha ni kazi gani?

Kumbe ilikuwa kazi. Picha ya mama ilikuwa imebandikwa juu ya ubao wa plaiwudi kwa uji wa ngano. Mlimani wengi walifanya hivyo zamani, ili picha isiteleze ndani ya fremu, na uji ukikauka karatasi na ubao vinakuwa kitu kimoja. Baba aliibandika mwenyewe siku ya msiba. Kioo kilipopasuka alikibadilisha mwenyewe, mara mbili, bila kuruhusu mkono wa mtu mwingine.

Nilimkuta barazani anachambua maharage kwa vidole, kichwa ameinua, macho yako kwenye migomba. Nikamweleza habari za Zahabiya, nikiiga na sauti yake ili acheke.

"Usibandue," akasema.

"Baba, muhuri uko nyuma. Bila muhuri—"

"Nimesema usibandue."

"Nitabandua taratibu, kwa mvuke. Haitachanika."

"Kama kitabu hakitoki bila hivyo, kitoke bila picha."

"Baba! Si wewe uliyetaka kumwona juu ya jalada?"

"Nimebadili mawazo. Au wazee hatubadili?"

Akaendelea na maharage yake. Niliona anatupa mazima anabakiza yaliyotobolewa, nikajua hayatazami wala hayapapasi.

Nikajaribu njia nyingine. Nilizunguka mjini na simu yangu nikiwaonyesha wazee wa maduka, mpaka mmoja akanielekeza kwa Pravin, anayeuza taa na nyaya za umeme palepale baba yake alipokuwa na studio. Pravin aliivuta picha kwa vidole viwili. Hakumtazama mama. Alitazama kigoda.

"Hiki ni chetu," akasema. "Mke wangu anawekea ua juu yake mpaka leo. Baba aliitwa Jayesh. Studio Jayesh, umewahi kusikia?"

"Basi nisainie barua, kaka yangu, tumalize."

"Ngoja, mama. Vilikuwa viwili, mapacha. Baba na mdogo wake walianza studio pamoja, wakaja kutengana, kila mmoja akaenda na chake. Ya baba mdogo siwezi kuisainia, watoto wake wako mbali na hatusemezani. Niletee namba. Ikianza na J ni ya baba. Negativu zote ninazo, ziko stoo kwenye makopo ya biskuti."

"Na ikiwa ya kwenu, utataka nini?"

Alifikiri, mkono juu ya koili la waya. "Andika jina lake chini ya picha. Alipiga nusu ya watu wa mji huu na mlima huu. Hakuna hata sebule moja yenye jina lake."

Kwa hiyo ilirudi palepale. Nyuma ya picha.

Nitasema nilichofanya, maana wengine nimewasema sana. Jumapili ile nilikwenda Poli, baba akajiandaa kwa ibada, nikamwambia tumbo linanisumbua. Alipopita mti wa mwisho wa kahawa nikawasha jiko, nikaweka birika, nikaishusha fremu. Nilitoa kioo, nikaushika ubao juu ya mvuke, nikaanza na pembe ya chini kwa kisu cha siagi. Uji ulilainika. Harufu yake ikajaa chumba, harufu ya uji uliochacha kidogo. Karatasi ikaanza kuachia, nukta kwa nukta, na nilipoikunja nikaona wino wa zambarau: Studio Jayesh, Arusha. J 4417.

Nilitaka kupiga kigelegele. Halafu nikaona chini ya muhuri kuna maandishi ya mkono, wino wa bluu, mwandiko wa mama ninaoufahamu kutoka kwenye Biblia yake.

Kwa Lesian.

Fimbo ya baba ikagonga kizingiti. Jicho lilikuwa limemuuma, akageuza njiani. Alisimama mlangoni, na kwa kuwa hakuweza kuona nimeshika nini, nilifikiri kwa sekunde moja kwamba nimepona.

"Hiyo harufu ni ya uji wa ngano," akasema. "Miaka thelathini na saba sijaisikia."

Nikaweka kisu chini.

"Umefika wapi?"

"Kwenye namba, baba. Na jina."

"Jina gani?"

"Lesian."

Alivuta kiti akakaa, kofia bado kichwani. "Basi malizia. Ukiachia hapo itakauka ikiwa imejikunja, itachanika."

Nikaendelea kubandua, naye akiongea kuelekea ukutani. Mama na Lesian walikuwa waoane. Lesian ni mtu wa Ngaramtoni, mama alikwenda huko kujifunza ukunga. Wazee wa pande mbili wakashindwana, ikavunjika. "Aliniambia mwenyewe kabla sijapeleka posa," baba alisema. "Hakunificha hata kidogo. Mama yako hakuwa mtu wa kuficha." Halafu mama akafariki, na mchungaji akauliza picha ya marehemu iko wapi. Watu wakafungua makabati, wakapekua Biblia, hakuna. Amepokea watoto wa mlima mzima, na hakuna sura yake hata moja.

"Mchana akaja mtu kwa miguu, amevaa koti la mvua. Nilikuwa sijawahi kumwona, lakini nilimjua. Akaniita kando, migombani. Akatoa bahasha kifuani. Akasema: nimesikia hamna picha. Nakuazima. Ukishamzika, nirudishie. Hakuingia ndani, hakula. Alisimama barabarani mpaka tukamaliza kufukia."

"Ukamrudishia?"

"Unaishika mkononi, halafu unaniuliza?"

Birika lilikuwa linachemka bado. Nikalitoa.

"Nilisoma nyuma," baba akasema. "Nikachemsha uji. Nilijiambia ni ili wafiwa wasije wakaigeuza wakasoma. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili nilitaka ishikane na ubao isitoke. Akija, nimwambie: tazama mwenyewe, haibanduki, nifanyeje? Wiki ya tatu akaja. Nikamwonyesha. Akagusa ukingo, hivi, kwa kidole. Akasema haya. Akaondoka."

"Hakurudi?"

"Angerudia nini?"

Picha ikaachia yote. Niligeuza nikamsomea, kwa sababu aliniomba, ingawa aliyajua maneno yale kuliko mimi: *Kwa Lesian. Ukiitazama, nikumbuke. Elizabeti, Agosti 1971.* Baba alisikiliza kama anavyosikiliza matangazo ya kanisani, amekaa wima.

Wiki ile saluni walinishangaa. "Mama Princess, leo redio imeisha betri?" "Mwacheni, ameokoka." Mama Hans alinifuata mpaka jikoni, akaniangalia machoni, akasema, "Una kitu, na kitu hicho ni kikubwa, kwa sababu hujakisema." Nikamwambia naumwa jino. Nilikuwa nimebeba habari nzito kuliko zote nilizowahi kuzishika, na sikuona mtu wa kunitua. Niliwaza sana watu niliowaanika kwenye kiti kile, baba wa nani alikuwa na nani, na kama kila mmoja wao alikuwa na uji wake wa ngano mahali.

Pravin alilipata kopo. J 4417 ilikuwemo, ndani ya bahasha yake, lakini unyevu ulishaziunganisha negativu zote za mwaka ule zikawa tofali moja jeusi. Alijaribu kuitenganisha mbele yangu, uso wa mtu ukatoka na ganda la mwingine. Akaacha. Akaandika barua, akasaini, mkono wake mzito. "Kwa hiyo iliyo kwenu ndiyo peke yake," akasema. "Itunzeni."

Nikampelekea baba habari njema. Barua ipo, Zahabiya ataiskani picha keshokutwa, mwezi hauishi kitabu kiko mezani.

"Bado kuna mtu hajaombwa," baba akasema.

Nikampigia Zahabiya hapohapo, simu nikaiweka sauti ya juu baba asikie. Zahabiya alikuwa wazi kabisa: "Aliyepewa picha kama zawadi hawezi kuruhusu wala kukataza isichapwe. Kisheria huyo mzee hahitajiki. Barua ya Pravin inatosha."

"Mwambie sheria yake ni nzuri," baba akasema. "Lakini mimi niliazima."

Tulikwenda Ngaramtoni siku ya soko. Baba alivaa suti ya Pasaka. Picha ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, ameibana kwapani, hakukubali niishike hata tulipokuwa tunapita katikati ya mbuzi na mafungu ya vitunguu. Lesian hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa amekaa mbele ya duka la dawa za mifugo la mwanawe, mzee mrefu, shuka juu ya sweta, anawasema wateja kwamba wanawapa ng'ombe dawa nusu nusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama paji la uso, na maneno ya ng'ombe yakamkauka mdomoni. Watu husema paji ni la mama. Halafu akamtazama aliye nyuma yangu.

"Aminieli."

"Lesian. Nimekuletea kitu chako."

Lesian hakunyoosha mkono. "Ilibanduka?"

"Imebanduka."

"Uliniambia haibanduki."

"Nilikuambia uongo."

Mwanawe alitoka na stuli mbili, akatuona sura, akarudi ndani. Lesian akapokea bahasha. Alipoitoa picha, aliigeuza kwanza. Alipitisha kidole gumba juu ya mwandiko, mahali wino ulipovujia kidogo.

"Mmeiloweka."

"Binti huyu," baba akasema. "Mimi nilikuwa nakwenda kanisani."

"Mimi mwizi na birika langu, mzee," nikasema. Lesian akatoa sauti ndogo puani, karibu na kicheko, halafu akaigeuza upande wa uso na kicheko kikaisha. Mtu alikuja kuulizia dawa ya kupe, akaambiwa aingie ndani.

Baba akasema, "Nina ombi. Huyu ameandika kitabu cha mama yake. Tunaomba iwekwe juu ya jalada."

"Kitabu kinasema nini juu yangu?"

"Hakikutaji."

"Mpiga picha anatajwa?"

"Jina lake litakuwepo," nikasema.

"Yule alibonyeza mara moja, akaita mwingine aingie. Mimi niliitunza miaka kumi na saba, na mke wangu ndani ya nyumba. Sitajwi." Akamgeukia baba. "Na wewe thelathini na saba. Umenipita mbali."

Baba akahamishia fimbo mkono wa pili.

"Nikikataa?"

"Kitatoka bila picha."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia habari za macho, kwamba huyu mzee amebakiza miezi ya kuona na kitu pekee anachotaka kukiona ndicho hicho ulichoshika. Fimbo ya baba ikashuka juu ya kidole changu cha mguu, ikakaa hapo, imenibana.

"Kuna jambo nimejiuliza miaka yote," baba akasema taratibu. "Anatazama pembeni. Anamtazama nani?"

Lesian aliangalia picha, akaangalia njia, akamwangalia baba, koti la Pasaka, fimbo, macho yaliyoinuliwa juu kidogo ya mahali panapotakiwa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa.

"Kasuku," akasema. "Studio ile walikuwa na kasuku kwenye tundu. Kila mtu akikaa kigodani, kasuku anapiga kelele. Alikuwa anamtazama kasuku."

Mabega ya baba yakashuka. Sikuwahi kujua yalikuwa yamepanda.

"Chapeni," Lesian akasema. "Ikitoka kwenye mashine, irudi."

"Binti ataileta."

"Ailete aliyeiazima."

Zahabiya aliiskani akiwa amevaa glovu nyeupe. Uso wa mama ukajaa kwenye kioo cha kompyuta, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona, na baba akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Ana kovu kwenye unyusi," akasema. "La kuanguka kisimani. Nilikuwa nimelisahau." Zahabiya akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Alipofika kwenye ukurasa wa hakimiliki alituonyesha mahali ambapo jina la mwenye picha hukaa, mstari wa chini kabisa, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Baba akauliza kwa nini ndogo hivyo. Ndivyo vitabu vyote vilivyo, Zahabiya akajibu, watu hawasomi hapo.

"Maandishi yawe makubwa," baba akasema. "Nataka niyasome mwenyewe."

Siku iliyofuata alirudi Ngaramtoni, akaipeleka picha kwa mkono wake. Sikuingia naye, nilisubiri kwenye maduka ya mitumba. Hawakukaa sana. Nyumbani aliirudisha fremu ukutani ikiwa tupu, kioo, ubao, na katikati ya ubao alama nyeupe ya mstatili pale uji ulipokuwa.

Jambo moja nililifanya bila kumwambia. Baadaye, kitabu kilipokwisha kutoka, nilipompelekea Pravin nakala yake, nilimwuliza yule kasuku aliitwa nani. Akashangaa. Baba yake aliumwa pumu, akasema, hawakuwahi kufuga ndege hata siku moja. Hilo nimelinyamazia, na ni la kwanza maishani mwangu. Naliandika hapa, nje ya kile kitabu, kwa sababu macho ya baba hayafiki tena kwenye karatasi, na ninyi mnaosukwa kwangu, mkija kumsomea, hapa mruke.

Kitabu kilitoka jicho la kulia likiwa bado linapambana. Tulifanya shughuli Poli, Jumamosi, nyumba ikajaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za jiko. Mchungaji aliombea maboksi. Watu waliozaliwa mikononi mwa mama waliitwa wasimame, na waliobaki wamekaa walikuwa wachache sana. Lesian hakuja. Nilikuwa nimempelekea nakala mbili.

Baba alipewa ya kwanza. Alitazama jalada, muda mrefu, akiisogeza karibu na mbali. Halafu akafungua ndani, akahesabu kurasa kwa kidole, na akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Picha ya jalada ilipigwa na Jayesh, Studio Jayesh, Arusha, mwaka 1971. Imetolewa na Lesian wa Ngaramtoni."

Bila shaka ni Mama Hans aliyeuliza, amesimama mlangoni na sahani ya pilau: "Lesian ndiye nani, mzee?"

Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Rafiki wa familia. Nilikuwa nalo mdomoni tayari, limeiva.

"Ndiye mwenye picha," baba akasema. "Mimi niliazima."